Cheni ya bodaboda haitaiponya baiskeli ya injini

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Mtongwe, nasambaza mkate alfajiri kwa baiskeli niliyoitia injini ya cc 80. Ni ile baiskeli nyeusi ya kizamani, magurudumu ya inchi 28. Ndani ya miezi miwili cheni ya injini imenikatikia mara tatu. Mara mbili ilikuwa kwenye mwinuko wa feri pale Likoni, na mara ya tatu iliruka ikajiviringisha kwenye spoku, nikaanguka na kreti zote. Kila ikikatika naiunga kwa loki. Vipande vilivyokatika ninavyo kwenye kopo. Dukani wananiambia niachane na hii cheni namba 415 nitie namba 428 ya bodaboda kwa kuwa ni nene. Je, nitie? Na mbona hata ikiwa mpya inalia ka-ka-ka?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuanguka. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Usitie 428. Haitakaa kwenye gia zako, na ikiruka itaruka na uzito mkubwa zaidi. Lakini nikikuachia hapo sitakuwa nimekusaidia, maana hata ukitia 415 mpya kesho, itakatika kama hii ya sasa. Kinachoikata cheni yako hakiko kwenye cheni.

Hebu tupige hesabu kwanza, ni fupi. Injini hizi zinauzwa kwa jina la cc 80, lakini nyingi zina silinda ya kipenyo cha milimita 47 na pistoni inayokwenda milimita 38, na hiyo ukiihesabu ni cc 66. Tuseme inatoa kilowati 1.5. Ndani yake kuna gia zinazopunguza mizunguko mara 4.1, halafu ndipo inakuja ile gia ndogo ya nje yenye meno 10. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, gia ndogo inazunguka mara 976 hivi na cheni inakwenda mita 2 kwa sekunde. Ukigawa nguvu kwa mwendo unapata mvuto wa newtoni 730, sawa na kumning'iniza mtu wa kilo 75 kwenye cheni. Sasa angalia: cheni namba 41, ambayo ni ndugu wa karibu wa 415 na huuzwa kwa mashine za kawaida, kwa kipimo cha Marekani haitakiwi kukatika chini ya pauni 1,500, yaani kilo 680. Ni mara tisa ya mvuto wako. Ukiachia klachi ghafla baiskeli ikiwa imesimama na mzigo, mvuto unapanda kwa kishindo, lakini hata ukiuzidisha mara mbili au tatu bado cheni nzima, iliyonyooka, ina nafasi ya kutosha.

Kwa hiyo nguvu ya injini peke yake haiikati. Cheni hukatika kwa kuvutwa upande, kwa kukazwa na kulegezwa kila gurudumu linapozunguka, kwa kuwa na kiungo kimoja dhaifu kuliko vyenzake, au kwa kuliwa na kutu ndani kwa ndani. Kwa maelezo yako naona angalau matatu kati ya hayo.

Vitoe vile vipande kwenye kopo. Vioshe kwa mafuta ya taa, mbali na jiko, uvilaze juu ya gazeti penye mwanga wa jua. Tazama kila mahali palipokatika. Kama bamba la pembeni limepasuka kupitia kwenye tundu la pini, na mpasuko una sehemu nyeusi ya zamani na sehemu inayong'aa mpya, basi ule ufa ulianza siku nyingi kabla ya siku ile ya feri. Cheni ilikuwa ikipindwa upande au ikikazwa kupita kiasi, na mwinuko ulimalizia tu. Kama pini imechomoka kwenye bamba na bamba ni zima, cheni ilivutwa upande, au aliyeiunga aliigonga pini kwa nyundo na msumari badala ya kuisukuma kwa kifaa cha cheni. Rola zilizopasuka zinaonyesha gia iliyochakaa au isiyolingana na cheni. Halafu geuza mabamba uone ndani: upande mmoja ukiwa umeng'aa na mwingine una rangi yake ya asili, cheni ilikuwa ikitembea ikisugua jino upande huo mmoja muda wote. Na ukiona unga mwekundu umetoka kwenye maungio, kama vumbi la matofali, ujue mafuta hayakuwahi kufika ndani.

Sasa hizo loki. Cheni ya mwanzo ilikuwa na loki moja. Ulipounga mara ya kwanza zikawa mbili, na hivi leo huenda zimefika nne. Kila loki ya klipu ni mahali ambapo bamba moja linashikiliwa na kichuma chembamba tu badala ya pini iliyopondwa. Cheni iwe na loki moja, basi. Ikikatika njiani unga ili ufike nyumbani, lakini usirudi nayo kazini kesho. Na usichanganye kipande kipya na cha zamani: pini za cheni ya zamani zimelika, umbali kati yake umeongezeka, na kila kipande kinapopita kwenye gia meno yanakuta nafasi tofauti.

Klipu ya loki ina umbo la samaki, kichwa kimefungwa na mkia umepasuka. Kichwa kitazame kule cheni inakoelekea. Ukiifunga kinyume, kitu chochote kitakachougusa ule mkia, kijiti, kamba ya kreti, ukingo wa kikaza (kile kirola kinachobana cheni isilegee), kinaifungua kama mlango. Nimepokea cheni nyingi "zilizokatika" ambazo hazikukatika kabisa; klipu ilikwenda zake na bamba likafuata.

Nakuja sasa kwenye jambo ninalolidhania kuwa ndilo chanzo chenyewe, na nakuomba ulisome polepole. Umesema baiskeli ni nyeusi ya kizamani. Hesabu spoku za gurudumu la nyuma. Baiskeli nyingi za aina hiyo zimejengwa kwa desturi ya Kiingereza: spoku 32 mbele na 40 nyuma. Nazo gia kubwa zinazokuja na injini hizi, zile za meno 44, zina matundu 9 ya bolti. Zilipangwa kwa gurudumu la spoku 36, ambalo kila upande wa habu una spoku 18, jozi 9 zinazopishana, na bolti 9 zinaingia katikati yake bila kugombana na spoku yoyote. Gurudumu la spoku 40 lina 20 kila upande, jozi 10. Duara ukiligawa kwa 9 kila nafasi ni digrii 40. Ukiligawa kwa 10 ni digrii 36. Bolti ya kwanza inaingia vizuri. Ya pili imepotoka digrii 4, ya tatu 8, na ukifika ya tano imepotoka 16, karibu imelala juu ya spoku. Aliyekufungia alifanya nini? Alivuta spoku kando kwa bisibisi, akakaza bolti kwa nguvu mpaka ule mpira unaokaa kati ya gia na spoku ukafura, akakupa baiskeli. Hakukudanganya, alifanya alivyoona vinaingia.

Lakini gia iliyofungwa hivyo haiwezi kukaa sawa. Inayumba kushoto na kulia kwa kuwa mpira umebanwa zaidi upande mmoja, na inapanda na kushuka kwa kuwa tundu lake la katikati ni pana kuliko habu, hakuna kinachoishikilia katikati isipokuwa jicho la fundi. Gia ikipanda na kushuka, cheni inakazika na kulegea mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu. Unaikaza ilipolegea, ikizunguka nusu duara inakuwa kama uzi wa gitaa. Ukiipima ilipokazika, upande wa pili inaning'inia hadi inaruka jino. Hakuna cheni ya namba yoyote itakayostahimili hayo kila siku ukiwa na kreti nyuma, na hiyo 428 ingeyapata yaleyale.

Kupima ni rahisi. Geuza baiskeli miguu juu, toa cheni ya injini. Funga kipande cha waya kwenye bomba la fremu, ncha yake ifike karibu na meno ya gia kubwa, pengo la unene wa shilingi. Zungusha gurudumu taratibu ukitazama lile pengo. Kwanza tazama upande kwa upande, kisha ugeuze waya utazame juu na chini. Mimi naruhusu milimita moja, si zaidi. Wateja wengi wanaoniletea cheni iliyokatika, tunapofanya jambo hili pamoja, huona wenyewe gia ikicheza milimita nne au tano, na hapo huwa sina haja ya kueleza kitu.

Kama spoku ni 36, legeza bolti zote 9, gongagonga gia kwa mti mpaka ncha ya waya ikae sawa kote, kisha kaza kwa kuvukavuka, moja huku, moja upande wa pili, robo mzunguko kila safari, usikaze bolti moja hadi mwisho kabla ya nyingine. Zungusha tena, rekebisha tena. Kazi hiyo ikinichukua saa nzima sioni hasara. Kama spoku ni 40, ushauri wangu ni mmoja: mtafute fundi wa magurudumu akusukie la nyuma kwa habu na rimu ya matundu 36, na spoku nene. Ni gharama, najua, na najua mkate una faida ndogo. Lakini jumlisha cheni kukatika mara tatu, kreti ulizomwaga na siku ulizolala nyumbani. Usikubali kutobolewa matundu mapya kumi kwenye gia hiyohiyo, yanaangukia kandokando ya yale ya kwanza, mengine yanaungana, na gia inabaki kama chekecheke pale inapobeba nguvu zote.

Gia ikishatulia ndipo utazame mstari. Chukua fimbo ya chuma iliyonyooka, ilaze bapa kwenye uso wa gia kubwa, ncha ielekee gia ndogo ya injini. Fimbo inapaswa kufika kwenye uso wa ile ndogo bila kupita nje wala kuingia ndani. Ikikosa, una njia tatu: kusogeza injini kwenye vishikizo vyake, kutia washa nyuma ya gia kubwa, au kuigeuza gia yenyewe, maana imebonyea kama sahani na ukiigeuza uso wa meno unahama. Vishikizo vya injini ukiona vimewekewa mpira mnene wa tairi, utoe. Unafanya injini ipinde kila unapoongeza mafuta, na mstari uliounyoosha ikiwa imesimama unapotea ikianza kuvuta.

Kikaza cheni kinanigusa moyo. Miaka mingi nyuma nilimfungia injini mzee mmoja muuza samaki wa Bamburi. Nilikibana kikaza kwenye bomba la chini la nyuma kama kawaida, bolti mbili juu ya rangi, nikaridhika. Wiki ya pili, akiteremka kuelekea daraja la Nyali, kikaza kiligeuka kikaingia kwenye spoku na gurudumu likasimama papo hapo. Alivunjika mtulinga. Nilikwenda kumwona na nikamwambia kosa ni langu, kwa sababu ni kweli lilikuwa langu: cheni siku zote inakivuta kikaza kuelekea ndani, na nilikiachia kisimamishwe na msuguano wa rangi peke yake. Tangu siku hiyo sitoi baiskeli bila kuchomelea kikaza sikio dogo la chuma linaloegemea bomba, ili hata bolti zikilegea kisiweze kugeukia spoku. Wewe cheni yako iliingia kwenye spoku. Mshukuru Mungu ulikuwa mwendo mdogo, na kabla ya jambo jingine lolote angalia kikaza chako kiko wapi.

Bora zaidi ni kukiondoa kabisa, na baiskeli yako inaruhusu, kwa sababu ekseli ya nyuma inasogea mbele na nyuma kwenye mkato wa fremu. Shida ni kwamba una cheni mbili na gurudumu moja: ukiivuta ekseli kwa ajili ya cheni ya injini, ya pedeli nayo inabadilika. Hapo ndipo nusu pingili inapofaa, yaani kile kiungo kimoja chenye mabamba yaliyopinda, kinachoongeza nusu inchi tu, pini hadi pini. Ukiongeza au kupunguza nusu pingili kwenye cheni, ekseli inahama milimita 6 na kitu. Kwa kucheza na nusu pingili kwenye cheni moja au nyingine, mara nyingi napata mahali ambapo zote mbili zimekaa sawa na kikaza hakina kazi tena. Isiposhindikana, fanya hivyo.

Sasa namba za cheni, ili ukifika dukani usiyumbishwe. Tarakimu ya kwanza, 4, ni sehemu za nane za inchi kutoka pini hadi pini: nne za nane, yaani nusu inchi, milimita 12.7. Zote tunazozizungumza hapa, 410, 415, 420 na 428, zina umbali huo, na ndiyo maana muuzaji anaona zinafanana. Tofauti ni upana wa ndani na unene wa rola. 415 ina nafasi ya ndani ya milimita 4.76. 420, ile ya pikipiki ndogo, ina 6.35. 428 ina 7.94. Rola za 415 na 420 zinakaribia kulingana, takribani milimita 7.75. Rola ya 428 ni 8.51.

Hapo ndipo 428 inapokosea. Bonde kati ya jino na jino kwenye gia zako limekatwa kwa ajili ya rola ya 7.75. Rola nene haiketi chini, inakaa juu kwenye mabega ya jino, kama mguu wa namba 9 kwenye kiatu cha namba 7. Ukianza kuvuta inapanda na kuruka. Tena upana wake unaiacha icheze upande kwa zaidi ya milimita tatu, na mabamba yake manene yanaweza kusugua ganda la injini pale gia ndogo inapojificha. Kwenye bodaboda ni cheni nzuri kabisa kwa kuwa gia zote mbili zimekatwa kwa ajili yake. Muuzaji hakukutakia mabaya, anawahudumia watu wa pikipiki kutwa.

Cheni ya baiskeli ya kawaida, 410, ni nyembamba, nafasi yake ni milimita 3 na kidogo, na kwa kawaida haiingii kwenye jino la gia hizi bila kulipiga tupa. Usilipige tupa. 420 inaketi vizuri kwenye bonde, ni imara, na mafundi wengine wanaipenda. Mimi naikubali tu pale mstari umenyooka kabisa na cheni haigusi ganda la injini, kwa kuwa ile nafasi ya ziada pembeni inasamehe makosa usiyotakiwa kuyaacha. Kwa kazi yako ningetia 415H. Hiyo H maana yake mabamba ya pembeni ni mazito zaidi. Soma maandishi kwenye mabamba yenyewe, usitegemee boksi, kisha ipinde upande kwa mikono: ikijikunja kama upinde wa mshale ikiwa mpya, iache hapo hapo mezani.

Na ubadilishe gia ndogo pamoja na cheni. Wengi wanaliruka jambo hili kwa kuwa gia ndogo imejificha ndani ya ganda. Itazame: meno yakiwa yameinama upande mmoja kama pezi la papa, imekwisha, na itaila cheni mpya kwa wiki chache. Ivue kwa kifaa cha kuvutia gia, usiigonge kwa nyundo, nyuma yake kuna beringi.

Kuhusu ile ka-ka-ka. Sehemu yake ni ya kawaida na huwezi kuiondoa yote. Gia ya meno 10 si duara kwa cheni, ni umbo la pande kumi, na cheni inapopita juu ya kona zake mwendo wake unapanda na kushuka karibu asilimia 5 kwa kila jino. Gia ya meno 20 ingekuwa na asilimia moja na kidogo. Kwa hiyo mngurumo wa sawasawa, unaokwenda na kasi ya injini, uache. Lakini sauti inayokuja na kuondoka mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu ni ile gia inayoyumba niliyokueleza. Na mlio mkali wa chuma kwa chuma, "kwaa" unapoongeza mafuta, ni jino linapanda bamba, simama, usiendelee.

Pima uchakavu kila mwezi. Cheni haivutiki kama mpira. Inarefuka kwa sababu pini na bushi zinalika ndani, kidogo kidogo kwenye kila ungio. Ikiwa na pingili 110, kila pingili inapita kwenye gia ndogo karibu mara 89 kwa dakika kwa mwendo ule tuliouhesabu, na kila ikipita inakunjwa digrii 36 na kunyooshwa. Vuta cheni inyooke, hesabu pingili 24, pima kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Mpya ni milimita 304.8. Ikifika 308 anza kuweka akiba ya nyingine. Ikifika 311 itoe.

Mwanangu, chumvi nayo usiichukulie kirahisi. Unapita feri kila alfajiri. Maji yakikupwa mwinuko unakuwa mkali na zege lake lina maji ya bahari. Gurudumu linayarusha moja kwa moja kwenye cheni, halafu upepo wa kusi unamalizia. Nimewahi kufungua ungio la cheni ya mtu wa Likoni iliyokuwa inang'aa kwa grisi nje: nilipoisukuma pini ikatoka nyekundu, kavu, imechongeka upande mmoja kama penseli. Grisi ya juu haikuwa imeingia ndani, ilikuwa imeshika mchanga tu na kuusaga. Ukirudi jioni, mwagia cheni maji ya bomba kidogo, ipanguse, ikauke. Kisha tia oili ya gia, SAE 90, tone moja kwenye mpaka wa bamba na bamba, kila ungio, pande zote mbili, upande wa ndani wa cheni ili mzunguko uisukume kuelekea nje. Subiri dakika kumi, halafu pangusa yote iliyobaki juu. Ikiloa maji ya chumvi, siku hiyohiyo. Isipoloa, mara moja kwa wiki inatosha. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari usitie, ina masizi na unga wa chuma. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi. Na fanya yote haya injini ikiwa imezimwa, ukizungusha gurudumu kwa mkono, vidole mbali na gia. Nawajua watu waliopoteza ncha za vidole kwa kupangusa cheni inayotembea.

Kulegea kwake: itafute sehemu iliyokazika zaidi kwa kuzungusha gurudumu, kisha hapo bonyeza katikati ya cheni kwa kidole, iende juu na chini jumla ya milimita 12 hadi 15. Cheni mpya hulegea haraka mwanzoni, ipime tena baada ya safari ya kwanza na baada ya kilomita 100. Kwenye mwinuko wa feri ondoka kwa pedeli kwanza, baiskeli ikishatembea ndipo uachie klachi taratibu. Na weka kifuniko cha cheni, hata cha bati, hasa kama unapakia mtu mwenye leso au kanzu nyuma.

Usinunue chochote bado. Anza na kikaza, kisha hesabu spoku. Zikiwa 40, niandikie tena na upana wa rimu yako na jinsi breki za fito zinavyoikamata, nikuambie gurudumu gani litaingia kwenye fremu hiyo bila kukata kitu.